Jino Bovu na Dawa Yake

Methali isemayo kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa hupendwa sana na watu ambao meno yao hayaumi. Husemwa barazani, ofisini na nyumbani, na mara isemwapo mashauri hufungwa. Mfanyakazi mzembe hufukuzwa kwa ajili yake, mke hupewa talaka, ndugu hukatwa udugu. Sijapata kusikia mtu akiijibu. Mimi nami niliisema zamani, mahali ambapo neno langu lilikuwa na uzito, wala sikupata sababu ya kuitazama tena mpaka gego langu la chini lilipotunga usaha, nikaambiwa na daktari kwamba jino laweza kuokolewa kwa kusafishwa na kuzibwa mizizi yake, ila ningoje siku 12.

Yafaa kwanza kueleza maumivu yenyewe, maana hukumu ya mtu aumwaye haifanani na hukumu ya mtu mzima. Ndani ya jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Nyama nyingine ya mwili ikiingiwa na vidudu huvimba, na uvimbe hupata nafasi; kiini cha jino kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, hakina pa kuvimbia, na msukumo wake wote hurudi juu ya mishipa ya fahamu. Ukilala, damu huzidi kichwani na msukumo huzidi nayo. Ndiyo sababu jino huuma usiku kuliko mchana. Usiku wa pili nilikaa kitini mpaka alfajiri, karafuu nimeibana kati ya shavu na ufizi kama walivyofanya bibi zetu. Mafuta ya karafuu hufisha ganzi kidogo, hayaponyi. Waliosema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti walisema kweli: wa nyumbani kwangu walinihurumia, kisha wakalala. Ilipofika saa tisa ya usiku nilikuwa tayari kuling'oa jino lile kwa koleo la fundi wa baiskeli. Naliandika jambo hili bila haya kwa kuwa lina nafasi katika hoja yangu. Asemaye "ng'oa" aghalabu hasemi kwa kuwa amepima. Husema kwa kuwa amechoka.

Siku ya nne maumivu yakakoma ghafula. Nikala, nikalala, nikaanza kufikiri kwamba safari ya kwa daktari haina haja tena na fedha zangu zimesalimika. Lakini nilikuwa nimekwisha kuonywa. Kiini kikifa, mishipa ya fahamu hufa pamoja nacho. Jino hunyamaza, na kimya hicho si uponyaji. Vidudu hubaki katika mfereji wa mzizi, huteremka mpaka nchani, na huko huula mfupa wa taya polepole. Vidonge vya kuua vidudu haviwafikii humo, kwa sababu dawa huchukuliwa na damu, na katika jino lililokufa hapana damu ipitayo. Vyaweza kusaidia uvimbe usienee. Shina lake hubaki pale pale. Na uvimbe ukienea chini ya ulimi na taya, waweza kuziba njia ya pumzi. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hata leo huua watu. Kwa hiyo niliagizwa kwamba nikiona homa, au uvimbe shingoni, au shida ya kumeza, nisingoje miadi, niende hospitali saa ile ile. Tangu hapo neno subira limepata mpaka kwangu. Kungoja kwa mtu aliyekwisha kupewa siku na kuelezwa dalili za hatari ni subira. Kungoja kwa sababu jino limenyamaza ni jambo jingine, nalo halistahili jina hilo zuri.

Sasa niirudie methali. Ilipotungwa ilikuwa haki yake kusema hivyo, kwa kuwa dawa nyingine haikuwako. Ili jino liokolewe palihitajiwa vyombo vya kupenya mfereji mwembamba. Mwaka 1838 Edward Maynard wa Marekani alitengeneza kijichuma cha namna hiyo kutokana na kamani ya saa. Palihitajiwa pia kitu cha kuuziba mfereji, nacho kikapatikana katika utomvu wa mti wa nchi za Malaya, uitwao gutapercha. Utomvu huo huo ndio uliofunika waya za simu zilizolazwa chini ya bahari, zikiwamo zile zilizofika Unguja mwaka 1879. Hupendeza kufikiri kwamba kilichozuia maji ya bahari yasiingie katika habari za wafalme ndicho kinachozuia mate yasiingie katika gego la mwalimu.

Lakini vyombo havikuwafundisha watu kuacha kung'oa. Mwaka 1910 daktari wa Kiingereza, William Hunter, alihutubia Montreal, akashutumu uchafu uliofunikwa chini ya meno yaliyotengenezwa, akauhesabu kuwa chanzo cha maradhi mengi ya mwili. Kwa miaka mingi baadaye meno yaling'olewa kwa maelfu, mabovu na mazima pamoja. Aliyefika mbali kuliko wote ni Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Trenton, New Jersey. Aliamini kwamba wazimu hutokana na usaha uliojificha. Aling'oa meno ya wagonjwa wake. Wasipopona, alikata matezi ya koo. Wasipopona, alikata matumbo, na wengi wakafa. Hakuwa mkatili kwa nia, maana hata wanawe mwenyewe aliwang'oa meno. Kung'oa kulikoshindwa hakukumtia shaka juu ya kung'oa. Kulimwonyesha tu kwamba hajang'oa vya kutosha.

Nilipokuwa nikingoja siku zangu 12 nilikumbuka mahali nilipoisema methali ile. Ilikuwa shule ya bweni, na mvulana wa kidato cha pili alikuwa amekamatwa mara ya tatu akivunja masanduku ya wenzake na kuiba vyakula na fedha. Mwalimu mmoja, mdogo wetu sote, alishauri kwamba abakizwe muhula mmoja chini ya uangalizi, tena aulizwe kwa nini anaiba. Mimi nikaitamka methali. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo, na mwenyekiti akaandika. Shauri lote halikupata nusu saa. Jino langu limepigwa picha mbili za eksirei, limepewa siku 12, na litagharimu fedha zaidi ya karo ya muhula ya mvulana yule.

Msomaji aweza kunijibu, na jibu lake ni zito. Katika habari ya jino, aamuaye kungoja na aumwaye ni mtu mmoja. Katika baraza lile sisi tungeamua kungoja, na wenye masanduku ndio wangeibiwa. Ni rahisi kuwa mpole kwa mkate wa mwingine. Hoja hii siwezi kuiondoa, wala sidai kwamba mvulana yule ilikuwa lazima abaki. Yako meno yaliyopasuka mpaka mzizini, na daktari mwema huyang'oa bila hotuba. Tena kuliokoa jino si kulihurumia. Daktari hulitoboa, hutoa kila kilichooza ndani, huukwangua mfereji na kuuosha kwa dawa kali, wala haruhusu lizibwe mpaka liwe safi. Jino lililozibwa juu ya usaha ni baya kuliko lililong'olewa. Yule mwalimu mdogo hakuomba msamaha wa bure; aliomba litobolewe, nasi tukamsikia kama aliyeomba lizibwe.

Lakini kosa langu halikuwa katika dawa. Lilikuwa katika neno jino. Jino ni langu. Nataka kuliokoa ili nitafune, na likitoka hasara ni yangu, jino lenyewe halipotezi kitu. Mvulana hakuwa jino la shule. Jino ling'olewapo hutupwa katika bakuli na habari zake huisha. Mtu ang'olewapo huenda mahali. Alibeba sanduku lake mpaka kituo cha basi, na hapana hata mmoja wetu aliyeuliza basi lile lilikwenda wapi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sitaki kulipita, ingawa si la baraza lile. Katika zahanati nyingi za nchi zetu mwenye jino kama langu hung'olewa siku ile ile, kwa kuwa vyombo na fedha za kuliokoa havipo. Kwake methali si hekima. Ni orodha ya dawa zilizopo. Mimi niliyeweza kuchagua sikuwa na udhuru wa kuitumia kama asiyeweza.

Siku ya 12 nilikwenda. Daktari aliniuliza kama jino bado linauma, nikamjibu kwamba halijauma siku nane. Akasema hilo ndilo alilolitazamia, akanichoma sindano ya ganzi. Kazi ilichukua muda wa saa moja na nusu; mifereji ilikuwa mitatu, na mmoja ulikuwa umepinda. Imenipasa kurudi mara ya pili kabla ya kuzibwa kabisa.

Juma lile nilimwandikia mkuu wa shule ile, ambaye si yule wa zamani, nikimwomba anitafutie habari za mvulana. Alinijibu kwa adabu. Daftari la wanafunzi laonyesha jina lake, tarehe aliyoingia na tarehe aliyotoka. Safu ya mahali alikokwenda haikujazwa.