Msitu wa Mizimu na Shoka

Huko Lubaga, wilayani Rungwe, Wanyakyusa walitambika msituni kwa Lwembe wakiomba mvua, na kukata mti humo kulikuwa mwiko. Wajapani nao huheshimu misitu ya mahekalu ya Kishinto. Hekalu la Meiji mjini Tokyo, lililowekwa wakfu mwaka 1920, lilipandiwa miti ipatayo 100,000 iliyotolewa na wananchi.

Sisi twamwabudu Mungu Mmoja, wala mti hatuuogopi. Vema. Lakini Chunya, ambako tumbaku hukaushwa kwa kuni, je, mwenye tauhidi akiufyeka msitu, na mshirikina akauhifadhi wake, ni yupi aliyetunza amana ya Muumba?

Mtu atasema yule alihifadhi kwa hofu tu. Kweli, na hofu hiyo si ibada. Ila sisi tunaomwambia aiache mizimu, kazi yake ya ulinzi twairithi.