Keki ya Paris na Medali Saba Zilizopungua



Mwaka 2023, tukitoka Lisbon kwenye Siku ya Vijana Duniani, kundi letu lilipitia Paris. Wanajumuiya wa nyumbani walikuwa wamechangishana fedha na kunituma kitu kimoja tu: medali za Bikira Maria kutoka kikanisa cha Rue du Bac, pale ambapo Mtakatifu Katarina Labouré alitokewa na Mama Maria mwaka 1830. Kila mwanajumuiya medali yake. Basi.

Sasa jamani, njiani kuna maduka ya keki. Aliyewahi kusimama mbele ya kioo cha duka la keki la Kifaransa ananielewa. Harufu ya siagi inakufuata mpaka barabarani. Ndani vitu vimepangwa kama vito vya sonara. Nikaona keki moja inayoitwa religieuse, maana yake mtawa: donge dogo juu ya donge kubwa, ndani krimu, juu chokoleti, eti inafanana na sista aliyevaa vazi lake. Nikajichekea, nikasema moyoni, keki yenye jina takatifu hivi itakuwa na ubaya gani? Fedha zangu zilikuwa zimekwisha. Nikatoa za jumuiya.

Ilikuwa tamu. Sitawadanganya.

Nyumbani medali zilipungua saba. Nikasema, "Kule bei ziko juu." Mama mmoja mzee, aliyechanga kwa fedha ya kuuza mchicha, akarudisha ya kwake: "Mpe jirani, baba, mimi nina rozari yangu."

Tujiulize basi: kosa lilikuwa wapi? Si kwenye keki. Mungu aliviona vyote alivyoviumba kuwa ni vyema, na ulimi unaoonja utamu ni kazi yake pia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba hata kuidharau raha ya halali, kana kwamba yenyewe ni uchafu, ni kilema. Sikula kupita kiasi pia, maana ilikuwa keki moja tu. Lakini huyohuyo Tomaso, akimfuata Mtakatifu Gregori Mkuu, anasema ulafi una sura tano: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kutaka mapishi ya anasa. Kumbe mtu anaweza kuwa mlafi kwa keki moja! Na mimi niliongeza mawili mabaya zaidi: nilichukua cha wengine, kisha nikasema uongo.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni kumbukumbu. Hapa seminarini, tukila ugali na maharage, keki ile hunirudia akilini, hata kwenye Masifu ya Jioni. Je, kukumbuka ni dhambi? Hapana. Wazo linaweza kubisha hodi bila kualikwa, na dhambi huanza pale unapolikaribisha na kulipa kiti. Ila niligundua jambo: kumbukumbu ile ilikuja na harufu, na krimu, na jua la Agosti. Haikuja na yule mama. Ilikuwa imekatwa nusu.

Nadhani vishawishi vingi hufanya kazi hivyo. Shetani hahitaji kutuongopea kuhusu utamu, kwa sababu utamu ni kweli. Yeye anaficha tu nani alilipa. Fikiria zile meseji za usiku unazotamani kuzisoma tena, au ule ushindi wa kubeti unaousimulia kila siku. Wote tunakumbuka nusu nusu.

Kwa hiyo dawa si kujilazimisha kusahau, maana ukijikaza usiikumbuke keki utaikumbuka mara mbili. Dawa ni kukumbuka yote. Kutafuta dhamiri kila usiku, kwa maoni yangu, ni hicho tu: kuirudisha ile nusu iliyokatwa. Nilipofanya hivyo sikuweza tena kukaa kimya. Niliungama, kisha likizo nikasimama mbele ya jumuiya nikasema ukweli na kurudisha fedha. Niliona aibu sana. Yule mama akacheka, akaniuliza, "Ilikuwa tamu lakini?" Nikamjibu ndiyo. Tukacheka wote.

Siku hizi keki ile ikinijia, inakuja pamoja na kicheko chake, wala hainitesi tena. Namshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Na ona, Yesu naye ametuachia kumbukumbu katika mkate. Kila Misa tunapokea chakula na hapohapo tunatangaza kifo chake. Hatufichi nani alilipa.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, chukua kumbukumbu moja tamu inayokusumbua. Muulize Bwana: ni nani sijamkumbuka hapa?

Mtakatifu Katarina Labouré, utuombee.