Mkono Mkavu na Kidonge cha Rangi Mbili

Wajukuu zangu mnaochimba mabwawa ya samaki huku Ufipa, mlioko Laela, Matai, Namanyere na hapa pembezoni mwa Sumbawanga mjini, nisikilizeni kidogo kabla hamjaenda kupokea vifaranga.

Kazi mliyoichagua naipenda. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, kila mwenye familia alijiuliza kitoweo kitatoka wapi. Kijana aliyeamua kufuga wake nyumbani ameona mbali. Sina ugomvi na bwawa lako, mwanangu.

Ninachokiogopa ni mkono wako mkavu, na kile kidonge cha rangi mbili kilichomo mfukoni mwako.

Nimeona mnavyofanya. Ndoo ya vifaranga inafika imetikiswa njia nzima. Mtu anatumbukiza mkono uliotoka kushika koleo, una vumbi na mchanga, anakamata kifaranga, anakibana, anakitupia kwenye beseni lisilo na maji huku akihesabu. Kifaranga kinapapatika kwenye plastiki. Ukilitazama lile beseni kwa karibu baadaye, utaona utando mwembamba unaong'aa umebaki chini, na ukiugusa kwa kidole unavutika. Mnausuuza na kuumwaga. Hamjui mmemwaga nini.

Mmemwaga dawa, wanangu.

Samaki anaishi ndani ya maji yaliyojaa vimelea usiku na mchana, na hana pa kukimbilia. Kambare hana hata magamba. Ngao yake ya kwanza ni ule ute unaowatelezesha mikononi, ule ambao bibi yenu huusugua kwa majivu jikoni kabla ya kumkatakata. Kwa samaki wa chunguni fanyeni hivyo hivyo, hakuna ubaya. Lakini aliye hai, ngozi yake hutoa ute bila kukoma. Wa zamani hubanduka na kuondoka na vijidudu vilivyonasa humo, mpya ukachukua nafasi. Na kunasa si kazi yake pekee. Ndani ya ute mna vitu vinavyoua.

Kimoja ni lisozaimi, kimeng'enya kinachovunja ukuta wa bakteria. Hiki mnacho hata ninyi, kwenye machozi, mate na kamasi zenu. Alexander Fleming, daktari Mskoti aliyefanya kazi London, ndiye aliyekitangaza mwaka 1922, baada ya kukikuta kwenye kamasi. Ni huyo huyo ambaye mwaka 1928 aligundua penisilini. Likumbukeni jina hilo, nitarudi kwake.

Kingine ni peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Mwaka 1998 watafiti wa Korea Kusini walieleza peptidi moja waliyoipata kwenye ute wa kambare wa Asia, wakaiita parasini. Imeundwa kwa asidi amino 19 tu. Sikilizeni jinsi inavyopatikana, maana hapa ndipo mimi nilipostaajabu. Kambare akijeruhiwa ngozi, kimeng'enya fulani huamka na kukata kipande kutoka kwenye histoni, protini ile ile ambayo kwa kawaida huzungushiwa uzi wa DNA ndani ya seli. Kipande hicho ndicho silaha. Kina chaji chanya, na utando wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo kinavutwa kwake, kinaushika na kuuvuruga mpaka bakteria anakufa. Kabla mwenye bwawa hajajua kwamba samaki wake ameumia, samaki ameshaanza kujitibu.

Na kamongo je? Bwawa likikauka, kamongo hujichimbia matopeni na kujifunika kwa ganda linalotokana na ute wake. Kwa muda mrefu watu walidhani lile ganda ni kitu kikavu kilichokufa. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba ni tishu hai, imejaa seli za kinga zinazotoa nyuzi za kunasa bakteria. Walipoziharibu nyuzi hizo kwa makusudi, bakteria waliongezeka kwenye ganda, samaki wakavuja damu na maambukizi yakaingia mwilini.

Basi fikirini mkono wenu unafanya nini.

Kifaranga kilichofutwa ute ni kama hindi ulilolimenya likiwa bado shambani ukaliacha lipigwe na mvua za Machi. Unajua wewe mwenyewe litakavyoota ukungu. Na huku kwetu tuko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai maji ya bwawa yanapoa sana. Damu ya samaki hufuata joto la maji, na maji yakipoa kinga yake inazubaa, kidonda kinachelewa kufunga. Ndipo mnapoona nyuzinyuzi nyeupe zimemwota mgongoni na kwenye mapezi. Huo ni ukungu wa majini. Haukuletwa na jirani mwenye kijicho, wajukuu zangu. Umeingia pale vidole vyenu vilipopita.

Mimi husema hivi: aliyembana samaki kwa mkono mkavu amemla kabla hajakua.

Nawasihi, lowesheni mikono kwa maji ya bwawa kabla ya kumgusa samaki. Tumieni wavu laini usio na mafundo. Hesabuni ndani ya maji, si kwenye beseni kavu. Msiwalishe siku moja kabla ya kuwahamisha, msiwajaze hamsini mahali pa ishirini, wala msiwachambue katikati ya baridi ya Juni. Tafadhali, wanangu. Ni kazi ya kuongeza dakika chache tu.

Sasa njoo kwenye kidonge.

Kijana akiona ukungu, anapanda bodaboda hadi dukani, anarudi na vidonge vya rangi mbili. Anavipasua kimoja kimoja, anachanganya unga wake na pumba, anatupa bwawani. Wengine mmejifunzia kwa kuku, mnawawekea kwenye maji ya kunywa hata wakiwa wazima. Nani aliwaambia? Rangi mbili ni dawa ya bakteria. Haiui ukungu. Kwa hiyo samaki wako hajapona, na dawa umeshaimwaga.

Imekwenda wapi? Imekwenda kwenye tope. Bwawa zima limepata dawa kidogo, isiyotosha kuwamaliza bakteria waliomo. Waliokuwa dhaifu wamekufa. Waliobaki ni wale walioweza kuistahimili, nao ndio wanaozaa. Zaidi ya hapo, bakteria hupeana siri ya kustahimili. Wa samaki anaweza kumpa wa tumboni mwa binadamu. Na maji ya bwawa lako hayakai. Unayafungulia kwenye bustani ya mchicha, yanaingia kijitoni, na vijito vya Ufipa vingine vinashuka Ziwa Rukwa, vingine Tanganyika. Bwawa halina mlango wa kufunga.

Mimi naitazama safari hiyo mpaka mwisho wake. Mwisho wake ni mtoto wako mwenyewe, homa imempanda, kafikishwa zahanati, anapewa dawa ile ile uliyowamwagia samaki, na homa haishuki. Anaandikiwa nyingine, ya bei kubwa, haipo pale. Mnapanda gari kwenda mjini. Njiani mama yake amemfunika kitenge, anamgusa paji la uso kila baada ya kilomita. Sitaki kuwaona kwenye gari hilo.

Fleming aliliona hili mapema kuliko sisi sote. Tarehe 11 Desemba 1945, alipokuwa akitoa hotuba ya Nobel, hakuishia kushukuru. Alionya. Alisema huenda ukafika wakati ambapo mtu yeyote ataweza kununua penisilini dukani. Akatunga mfano wa bwana mmoja anayeumwa koo: ananunua penisilini, anaitumia kidogo, isiyotosha kuwaua vimelea ila inatosha kuwafundisha kuistahimili. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini. Vimelea vimeshakuwa sugu, tiba inashindwa, mke anafariki. Fleming akauliza ni nani aliyesababisha kifo kile, akajibu mwenyewe kwamba ni mume, kwa uzembe wake.

Ule wakati alioutaja ndio huu tulio nao. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet yanasema kwamba mwaka 2019 pekee watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mzito zaidi. Hao ni watu wetu.

Ndiyo maana wenzetu maabara wanakwangua ute wa samaki kwa uangalifu mkubwa. Wanatafuta dawa mpya kwa kuwa za zamani zinatuishia, na zinaishia mikononi mwetu. Inaniuma kuona kijana anamvua samaki kinga aliyopewa tangu kuumbwa, halafu anamletea badala yake kidonge ambacho hata binadamu kesho hakitamfaa.

Kuna na hili, nalo naliogopa. Najua mkisikia kwamba ute una dawa, wapo watakaochukua ute wa kambare wapake kwenye kidonda. Usithubutu. Samaki akishakufa kinga yake imekatika, na ute ule ule unakuwa chakula cha bakteria. Ndiyo maana samaki aliyelala hunata na kunuka. Kwenye maji na ngozi ya samaki kuna bakteria kama aeromona, ambao wakiingia kwenye jeraha la mtu huuvimbisha mkono mpaka kwapani. Parasini ya maabara imetengwa, imesafishwa na kupimwa. Iliyomo kwenye ndoo yako imechanganyika na kila kitu. Kambare akikuchoma kwa mwiba wake wa ubavuni, osha jeraha kwa maji safi ya kutiririka na sabuni, muda mrefu, kisha nenda zahanati. Ukiandikiwa dawa, imalize yote, hata kama uvimbe umeshuka siku ya pili. Aliyemeza nusu dozi amewanoa adui zake.

Mniwie radhi kwa kurudia rudia. Mtoto anayependwa huambiwa mara nyingi.

Vidonge mlivyobakiza kwenye kopo la majani ya chai, msivitie bwawani wala chooni. Vipelekeni zahanati au Duka la Dawa Muhimu mkaulize vinaharibiwaje. Namba ya afisa uvuvi wa halmashauri iandikeni kwa mkaa kwenye ukuta wa banda, na samaki wa kwanza akionekana kuzubaa juu ya maji au kujisugua ukingoni, mpigieni siku hiyo hiyo. Atawaambia kama ni wa kuogeshwa maji ya chumvi, na kwa kipimo gani, au kama maji ndiyo yamechoka yabadilishwe, au kama mmewajaza mno mkawapunguzia hewa. Msingoje wafike kumi.