Chipsi za Saa Tano Usiku

Nikiri tu: Kwaresima hii nilifunga mchana, halafu saa tano usiku nikafakamia chipsi mayai. Eti nimefunga! Mama, ambaye sukari inamsumbua, akaniuliza, "Mwanangu, umemfungia nani?" Nikanyamaza.

Mtakatifu Benedikto, karne ya 6, aliwaagiza wamonaki wake wakati wa Kwaresima wale jioni, mwanga ukiwa bado upo, wasihitaji taa. Habari za insulini hakuzijua. Ila leo tunajua usiku mwili hupata shida zaidi na sukari kuliko asubuhi, na umri ukisonga shida inaongezeka.

Jana nikala ugali kiasi, maharage na mchicha saa kumi na mbili, pamoja na mama. Yeye ndiye aliyesali. Mimi nilishazoea kula na simu. Mniombee.