Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Somo: 2 Samweli 23:13-17



Somo la mwezi huu ni fupi, na wengi hulipita upesi kwa kuwa limekaa katikati ya majina ya mashujaa. Daudi alikuwa amejificha katika pango la Adulamu, wakati wa mavuno. Wafilisti walikuwa wamepiga kambi bondeni, na kikosi chao kilikuwa kimeushika Bethlehemu, mji wa baba yake. Siku ile Daudi akaona kiu, akayakumbuka maji ya kisima kilichoko langoni pa mji wake, akasema kwa sauti jinsi anavyoyatamani. Hakumwamuru mtu, alisema tu. Lakini watu watatu walimsikia, wakaondoka, wakapita katikati ya adui, wakateka maji, wakamletea. Naye alipoyapokea akakataa kuyatia kinywani. Aliyamwaga mbele za Bwana, maana aliona ya kuwa kilichomo chomboni si maji tu, bali ni damu ya watu waliokwenda na roho zao mikononi.

Tuangalie mambo mawili hapa. La kwanza, Daudi hakutoa amri, tamaa yake ilitosha. Mwenye nguvu akitamani kitu, wadogo huinuka kwenda kukitafuta. Na siku hizi mwenye nguvu ni yule aliyeshika fedha, hata zikiwa chache. Asema, “Nataka cha rahisi, nacho nakitaka leo,” wala hajui ni nani atakayekwenda. La pili, Daudi alipopokea maji hakutazama kiu yake peke yake. Alitazama njia maji yale yaliyopitia. Mambo hayo mawili ndiyo ninayotaka tuyashike, na nitayasema kwa habari ya mkaa.

Huenda mtu akauliza, “Mchungaji, mkaa una nini na Neno la Mungu?” Nivumilieni kidogo.

Usharika wetu uko chini ya milima ya Usambara, kando ya barabara kuu. Juu yetu ni mvua na ukungu, chini yetu ni nyika ya migunga. Zamani mtu akitaka kuni aliziokota nyuma ya nyumba yake. Sasa huko nyikani mashina yamezidi miti, na moshi wa matanuri waonekana mbali sana, mahali pasipofika gari. Katika tanuri la udongo, kama wachomavyo watu wetu, kilo 1 ya mkaa hula kilo 7 za kuni, hata 10. Uchunguzi wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria ya kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia kama tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na nusu yake iliteketea katika mji mmoja tu, Dar es Salaam. Wala hasara si ya miti peke yake. Mto Zigi hutoka katika milima ya Usambara ya Mashariki, penye msitu wa Amani uliohifadhiwa tangu mwaka 1997, nao ndio unaowanywesha watu wa Tanga. Mtu wa mjini afunguaye bomba lake anywa maji yaliyotunzwa na miti asiyoiona. Naye awashaye jiko lake achoma miti ya nyika asiyoiona vilevile.

Je, wachomao mkaa ni watu wabaya? Nimeketi nao, nami nasema, ni watu kama sisi. Mvua zikikosa, mahindi yakakauka, watoto wakadaiwa sare na madaftari, baba hutazama huku na huku, asione kitu cha kuuza ila mti, ambao hakuupanda wala hakuununua. Mti hauna wa kuulilia sokoni.

Na wanunuao je? Mama wa mjini angependa kupikia gesi, kwa kuwa moshi na mavumbi vyamwumiza macho na kifua. Lakini mtungi wataka fedha nyingi kwa mara moja, naye fedha zake huja kidogo kidogo, jioni kwa jioni. Kwa hiyo hununua mkaa kwa kopo. Akijumlisha makopo ya mwezi mzima, ataona amelipa kuliko jirani yake mwenye uwezo aliyenunua gunia. Ndivyo ulivyo umaskini: humtoza zaidi yule asiye nacho, kwa sababu tu leo hana.

Serikali nayo imehangaika na jambo hili. Mwezi wa Januari 2006 ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Bei ikapanda, watu wakalalamika, na marufuku ile haikudumu. Mwezi wa Mei 2024 ilitoa mpango wa miaka 10, ili ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipikia nishati safi. Ni shauri jema, tuliombee. Lakini sheria husimama barabarani, haiingii moyoni. Na hata barabarani zipo njia za panya.

Hapo ndipo nakuja kwa vijana wetu. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, huchukua mizigo mikubwa na kusimama penye stesheni. Haimfuati mwenye magunia mawili nyikani. Mizigo midogo ilishuka kichwani, kisha kwa baiskeli, na sasa kwa pikipiki. Mwaka 2010 kanuni za serikali zilizitambua pikipiki kuwa vyombo vya kuchukua abiria kwa malipo, na tangu hapo vijana wengi wamepata kazi. Twamshukuru Mungu kwa kazi hiyo: mgonjwa hufika hospitali usiku, na mwalimu hufika mtaa wa mbali kabla ya ibada. Lakini pikipiki nyingi si mali yao waziendeshao. Kijana huichukua kwa mkataba, na kila jua likichwa hupeleka hesabu kwa mwenyewe. Abiria wawepo wasiwepo, mvua inyeshe isinyeshe, hesabu ni ileile. Sasa abiria mmoja hulipa kidogo, bali magunia matatu ya lumbesa, yakishushwa usiku bila taa ili kukwepa kizuizi cha maliasili, hulipa vizuri. Kijana huyapima hayo mawili, naye achagua. Je, amechagua kwa hiari yake? Ndiyo, na siyo.

Sasa naungama mbele yenu. Mwaka jana tulipokuwa tukiitengeneza sikukuu ya mavuno, kamati ililetewa bei ya mkaa wenye kibali. Mimi nikaitazama, nikasema, “Ni ghali mno. Hakuna aliye na wa rahisi?” Sikusema zaidi ya hayo. Kijana mmoja wa kwaya, mwendesha pikipiki, alikuwa amesimama mlangoni. Akajibu, “Baba Mchungaji, niachie mimi.” Nami nikamwachia.

Usiku ule, penye kona ya korongo, pikipiki ikateleza, magunia yakamlalia. Mguu ulivunjika mahali pawili, akalala pale mpaka wenzake walipomkuta alfajiri. Wakamchukua hospitali, na mmoja wao, akijua ya kuwa kanisa lilikuwa likiungoja mkaa, akaleta magunia. Aliyaweka jikoni, akaenda zake bila kusema neno. Akina mama wakawasha moto. Habari zilinifikia baada ya ibada, nami nilikuwa nimekwisha kula.

Nilipokwenda kumwona hakunilaumu. Aliniuliza mambo mawili tu. La kwanza, “Baba Mchungaji, mkaa ulitosha?” La pili, ni nani atakayepeleka hesabu, maana mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi miwili. Nikamwendea mwenye pikipiki, mtu wa kanisa akaaye benchi za mbele. Nilikwenda na hasira; nikamkuta naye ana hofu, kwa kuwa pikipiki ile aliinunua kwa mkopo, na mkopo wadai kila juma. Tukaketi, tukahesabu, akakubali kungoja, na usharika ukamsaidia kijana. Mguu umepona, lakini bado achechemea. Kila Jumapili, kwaya ipandapo mbele, nauona mguu ule, nalikumbuka neno langu: “Hakuna aliye na wa rahisi?”

Ndugu zangu, Daudi aliyamwaga maji yale kabla hajayanywa. Mimi nilikuwa nimekwisha kula. Je, mtu kama mimi aenda wapi? Walimu, mfundishapo Amri ya Tano mwajua ya kuwa Luther hatufundishi kujizuia kuua tu, bali kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Kwa amri hiyo sina la kujitetea. Wala siwezi kusema, “Mimi sikumtuma.” Daudi pia hakuwatuma wale watatu, lakini hakujifunika kwa neno hilo.

Lakini katika Bethlehemu ileile, penye kisima kile, alizaliwa Mwana wa Daudi. Yeye hakuwapeleka wengine wapite katikati ya adui kwa ajili ya kiu yake. Alipita mwenyewe kwa ajili ya kiu yetu. Msalabani aliona kiu, akapewa siki. Alichokimwaga mbele za Mungu si maji ya watu wengine, bali damu yake mwenyewe. Wokovu wetu twapewa bure, lakini haukupatikana bure. Mtu aliyejua jambo hilo hawezi tena kushika kitu cha rahisi mkononi asiulize ni nani aliyelipa. Haulizi kwa kuogopa hukumu, maana amesamehewa. Auliza kwa upendo.

Basi tufanyeje? Nasema machache. Kamati za sharika zikinunua kitu, zisiulize bei peke yake, ziulize pia kimepita njia gani. Ikiwa mkaa wenye kibali watushinda, na tupike chakula cha namna moja badala ya tatu. Sikukuu haitapungua kitu. Ninyi mlio na pikipiki, iacheni hesabu ya siku moja katika saba, ili kijana apate kuitakasa siku ya Bwana na kuupumzisha mwili wake. Akina mama wachangiane kwa upatu, kila mwezi mtungi wa gesi kwa mmoja wao, hata wote wapate. Nao watoto wa kipaimara wapande mijohoro katika shamba la usharika, waitunze, ili watakaoolewa na kuoa wapate kuni wasizoziiba nyikani. Sisi tumeanza kwa miche michache. Yule kijana ndiye aimwagiliaye.

Tuombe: Bwana Yesu, utusamehe vitu vya rahisi ambavyo wengine wamevilipia. Uwalinde vijana wetu waendao usiku. Uwape maskini mkate wao wa leo bila kuuza mvua ya kesho. Utufundishe kuuliza kabla hatujanywa. Amina.