Nani Anakunywa Nyuma Yako?



Leo tufungue Ezekieli 34:17-19. Hapa Mungu hawahukumu wachungaji, anawahukumu kondoo wenyewe. Kosa lao ni nini? Wanakunywa maji safi wanashiba, halafu wanayavuruga kwa miguu, na wenzao wanaokuja nyuma wanabaki na tope. Hawakuiba kitu. Walikunywa tu, wakaondoka zao.

Nikisoma maneno haya nafikiria Ziwa Victoria na dhahabu ya Geita. Mchimbaji mdogo anasaga mawe, anaosha, kisha anatia zebaki ili inase chembe za dhahabu. Donge analopata analichoma: zebaki inapanda kama mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo anauvuta yeye, mkewe, na mtoto anayecheza jirani. Zebaki iliyobaki kwenye marudio inasombwa na mvua hadi mtoni, na mto unaijua njia ya ziwani. Huko, bakteria wa kwenye tope wanaigeuza kuwa sumu inayoingia kirahisi mwilini mwa samaki. Mdogo analiwa na mkubwa, sumu inazidi kujilimbikiza. Sangara yuko juu kwenye mlolongo huo, na juu yake uko wewe na sahani yako.

Sisemi uache samaki, jamani. Vipimo vingi vya samaki wa ziwa hili vimekuta zebaki ikiwa chini ya kikomo kinachotumika sana cha miligramu 0.5 kwa kilo. Tumshukuru Mungu. Lakini miguu bado imo majini. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini miaka mingi kabla ugonjwa haujatambuliwa mwaka 1956. Wapo akina mama waliokula samaki wale wakaonekana wazima, wakajifungua watoto wenye madhara makubwa ya ubongo.

Dhambi nyingi ziko hivyo. Aliyetenda yuko juu ya mto, anayeumia yuko chini, na hawajuani. Ndiyo maana ni rahisi kusema, "Mimi sijamdhuru mtu."

Wala kidole kisimwelekee mchimbaji peke yake. Yeye anatafuta ugali wa watoto. Papa Francisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliitaja zebaki ya migodi ya dhahabu kati ya madhara wanayoachiwa wenyeji ili masoko ya nchi tajiri yashibe. Basi hata sisi tunaoota pete ya ndoa ya dhahabu tumo.

Kijana unayechimba, usichomee dhahabu nyumbani. Tumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke. Zebaki inarudi, unaitumia tena. Marudio yakae mbali na mto. Nanyi VIWAWA wa parokia za kanda ya ziwa, mwalikeni mtaalamu wa madini au wa afya azungumze nanyi baada ya Misa.

Na sisi sote, kabla ya kitubio kijacho, tujiulize: nani anakunywa nyuma yangu?

Tusali: Ee Bwana, uliyewaita wavuvi kando ya ziwa, utufundishe kunywa kwa shukrani na kuwaachia wenzetu maji safi. Uwalinde watoto walio tumboni na wale wanaocheza karibu na moto wa dhahabu. Amina.