Shamba la Wazee na Mizani ya Mwenye Kuuza

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu, limekuwa jambo la kawaida huku kwetu, tangu Tiwi na Diani mpaka Msambweni, mtu kujiwa na mnunuzi anayelitaka shamba lake la minazi. Naye mwenye shamba ana mgonjwa wa kutibiwa, au karo ya kulipa. Auze au asiuze? Wako wanaouza siku ile ile kwa kuona fedha, na wako wanaokataa kwa kuogopa maneno ya watu. Wote hao hawakupima.

Kupima ni katika dini. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu alipotaja ulevi na kamari hakukanusha kwamba mna manufaa, bali alitufahamisha kuwa dhambi yake imeyazidi. Basi kuonekana faida katika jambo si hoja ya kulitenda. Hoja ni lipi lililo zito.

Na kabla ya mizani kuna suali: kitu hicho ni chako? Katika shamba la marehemu lisilogawanywa mna haki ya mama, ya dada na ya yatima. Haki ya mwenzio haipimwi kwa haja yako. Hupewa mwenyewe kwanza.

Likiwa ni lako, dua ya Istikhara, aliyoipokea Jabir kwa Mtume (S.A.W.), yatuonyesha mambo matatu ya kutazama: dini yako, maisha yako, na mwisho wa jambo lako. Wengi wetu hutazama hilo la pili tu. Je, mnunuzi ataka kujenga nini hapo? Je, fedha itazaa kitu, au italiwa mpaka ishe? Na wanao watakaa wapi?

Kuhusu mwisho, funzo li karibu nasi. Machimbo ya mchanga wa madini hapa Kwale yalianza kazi mwaka 2013 na yakakoma Desemba 2024. Watu wa Maumba na Nguluku walihamishwa kwa ajili yake. Hatukanushi kwamba wako waliopata kazi na ujira. Lakini mtoto aliyezaliwa yalipoanza alikuwa angali shule ya msingi yalipokoma. Faida ya miaka kumi na moja na ipimwe kwa miaka hiyo, isipimwe kama kwamba ni ya milele.

Wala hatusemi kuuza ni haramu. Madhara mawili yakikutana, wanazuoni wamefundisha kuchukua lililo jepesi. Aliyeuza kipande kwa bei ya haki ili amtibu mgonjwa wake, akawabakishia wanawe kilichobaki, huyo amepima.

Kisha takeni shauri. Mtume (S.A.W.) siku ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, alilifuata shauri la mkewe Ummu Salama, basi nani katika sisi aone haya kumwuliza mkewe kabla ya kutia sahihi? Baada ya hayo salini rakaa mbili za Istikhara, wala msingojee ndoto. Mkisha azimia, mtegemeeni Mwenyezi Mungu.

Wabillahi tawfiq.